Kambi Ikiondoka, Mtoto Anabaki na Nani?



Picha hizi mnazijua. Upande mmoja mtoto mwenye mdomo uliopasuka, upande wa pili mtoto yule yule anacheka, kimebaki kimshono kidogo tu chini ya pua. Tunaandika maashallah, tunasambaza, tunaendelea na siku yetu. Na ni kweli furaha ile si ya bandia, mama yule amepata kitu kikubwa. Lakini kuna swali ambalo picha haijibu. Mtoto aliyezaliwa wiki moja baada ya kambi ya madaktari kufunga mahema, yeye aende wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, maana hata jina tulilolipa, mdomo sungura, ni la kejeli. Uso wa mtoto tumboni huundwa kwa vipande vinavyotoka pande mbili na kukutana katikati. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, kaakaa (yaani ile dari ya kinywa) kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana, pengo linabaki. Wakati huo mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Duniani inakadiriwa ni kama mtoto mmoja katika kila 700. Sababu ni mchanganyiko: kuna urithi wa familia, kuna upungufu wa foliki, kuna uvutaji sigara, kuna baadhi ya dawa za kifafa. Kupatwa kwa mwezi hakumo. Kushika kisu ukiwa mjamzito hakumo. Jini hayumo, dhambi za mama hazimo. Na yule mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya uso wa mtoto, aulizwe: nusu ya urithi wa huyo mtoto imetoka wapi?

Sasa tuje kwa kitu ambacho picha haionyeshi kabisa, nacho ni njaa. Mtoto mwenye pengo kwenye kaakaa hawezi kunyonya, kwa sababu kunyonya kunataka kinywa kifunge hewa, na hewa yake inapenya puani. Ananyonya, anachoka, analala na njaa. Maziwa yanatoka puani, mama anaogopa, anapunguza kumpa. Na dawa ya hili haina gharama ya kutisha: mama akamue maziwa yake, amkalishe mtoto wima, ampe kidogo kidogo kwa kikombe kisafi na kijiko, ampumzishe, amcheulishe, arudie. Muuguzi anayejua anaweza kumfundisha mama kwa nusu saa.

Tana River niliongea na mama mmoja tukiwa kwenye shughuli za kuandikisha watu. Mtoto wake alikuwa na miezi minne, mikono kama vijiti. Kwenye kituo alikojifungulia (jina naliacha) aliambiwa, "Mrudishe akiwa mkubwa." Basi. Hakuna aliyemwonyesha kikombe. Baadaye alisikia kuna kambi, akakopa nauli, akafika, mtoto akapimwa na akakataliwa kwa sababu uzito haukufika. Na waliomkataa hawakukosea. Madaktari wengi hutumia kipimo cha zamani kabla ya kushona mdomo: wiki 10, uzito wa kama kilo 4 na nusu, na damu isiyopungua 10. Chini ya hapo nusukaputi inaweza kumuua mtoto. Kwa hiyo nafasi ya huyu mtoto ilipotea siku ile mama alipoambiwa arudi baadaye, muda mrefu kabla ya kufika kwenye foleni ya kambi.

Halafu kushona mdomo ni mwanzo tu. Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6. Kaakaa hushonwa kati ya miezi 9 na 18, kabla hajaanza kuongea vizuri. Masikio yanataka kuangaliwa, maana watoto hawa hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio wakawa hawasikii sawasawa. Meno yanaota ovyo. Akiwa kwenye miaka 8 hadi 11, wengine huhitaji kuwekewa mfupa kwenye ufizi ili jino la chonge lipate pa kushukia. Na katikati ya yote hayo kuna mtaalamu wa kufundisha usemi.

Hapo kwenye usemi nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapowapoteza watoto wengi kimyakimya. Mtoto ambaye kaakaa yake ilichelewa kufungwa anaweza kusema "mama", kwa kuwa sauti ya m hutoka puani hata kwako wewe na mimi. Linalomshinda ni "baba". Na "kaka", na "dada", na "kitabu", kila neno linalotaka hewa ikusanyike kinywani. Darasani mwalimu haelewi, anamwita mzito. Chuoni akisoma Qur'ani wenzake wanacheka herufi zake. Mwaka wa pili haji tena, anachunga mbuzi. Mdomo wake umeshonwa vizuri kabisa, kwenye picha anapendeza, na shule imekwisha.

Shirika la Operation Smile lilianza mwaka 1982, daktari mmoja Mmarekani na mkewe walipokwenda Ufilipino, wakatibu watoto na kulazimika kuwaacha wengi zaidi ya waliowatibu. Mwaka 1999 likaja Smile Train na wazo tofauti: badala ya kuleta madaktari kwa ndege, fundisha na lipia madaktari waliopo kwenye nchi yenyewe, wafanye kazi mwaka mzima. Mimi niko upande wa wazo hili la pili. Na kuna Waafrika waliokwenda mbali zaidi. Kumasi, Ghana, katika hospitali ya Komfo Anokye, daktari wa upasuaji, wa meno, mtaalamu wa usemi na muuguzi wanamhudumia mtoto kama timu moja. Hawangoji msimu wa wageni.

Kuna watakaosema, kwani hapa Kenya oparesheni hizi si bure? Nyingi ni bure kweli, wafadhili wanalipa. Lakini Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000. Mama anaondoka na mtoto mchanga, anaacha watatu nyumbani, analala kwa jamaa ambaye hata hamjui vizuri, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Mbuzi wangapi hao? Kisha safari ya kaakaa, kisha ya masikio. Bure imeishia mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Sisemi kila kaunti ijenge hospitali ya kushona kaakaa. Ile ni kazi ya mtu anayeshona nyingi, mkono uzoee, na akiwa Mombasa au Nairobi sina tatizo. Ninachodai ni kilichoko kabla na baada. Mkunga aangalie kinywa cha kila mtoto kwa tochi na apapase kaakaa kwa kidole safi, kwa sababu pengo la ndani peke yake halionekani usoni. Aliyepatikana aandikwe, apewe muuguzi mmoja mwenye simu anayejua tarehe zake zote. Tangu 2023 serikali imetoa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Hao ndio wa kumpima uzito nyumbani na kumkumbusha mama kikombe. Nauli iwekwe kwenye bajeti. Nafasi moja ya mtaalamu wa usemi itangazwe kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Na wauguzi wapelekwe kusomea nusukaputi kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi nyumbani.

Jibu la maafisa nalijua, nimelisikia: bajeti ni ndogo, kina mama wanafariki kwa uzazi, hawa wa mdomo ni wachache. Haya. Lakini muuguzi wa nusukaputi unayemsomesha ndiye huyo huyo atakayesimama mama akipasuliwa usiku. Oksijeni ya mtoto huyu ndiyo ya mtoto wa nimonia. Ujuzi wa kikombe na kijiko ndio unaomwokoa aliyezaliwa kabla ya wakati. Tume ya jarida la Lancet ilipendekeza mwaka 2015 wataalamu 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi kwa kila watu 100,000, na kaunti zetu za Kaskazini na Pwani ziko mbali sana na hapo.

Tena hii si sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na cha 53 kinamtaja mtoto waziwazi. Kifungu cha 56 kinataka jamii zilizotengwa zifikiwe na huduma za afya. Cha 204 kimeunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, umeme na vituo vya afya katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa magavana tangu 2013. Kwa hiyo gavana anayekuja kukata utepe kwenye kambi ya wafadhili anasherehekea kazi ambayo yeye hakuifanya.

Vijana, bajeti ina tarehe zake. Mpango wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio yenyewe Aprili 30. Vikao vya maoni vinafanyika kati ya hapo, na wanaojaza viti ni wazee wachache na watu wa MCA. Kikao cha wadi yako kikitangazwa, nenda na swali moja kwa maandishi: katika hospitali yetu ni nani aliyefundishwa kumpa mtoto mchanga nusukaputi, na kama hakuna, ni nani anapelekwa mwaka huu? Omba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na usiondoke kabla hujapata nakala.