Bunduki kuukuu yenye kutu: isafishwe au ipelekwe polisi?

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa jijini, ameniandikia akiuliza swali ambalo sikulitarajia. Anasema mjomba wake, mkulima wa upande wa Taveta, aligonga chuma kwa jembe akafukua bunduki kuukuu iliyoliwa na kutu. Mjomba anataka kuisafisha na kuitundika sebuleni. Je, chuma kama hicho chaweza kurudishiwa sura yake? Na kama chaweza, yafaa?

Hayo ni maswali mawili. Nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo lililobeba uhai wa watu.

Bunduki kupatikana Taveta si ajabu. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana sehemu hizo, na mnamo Februari 12, 1916, Waingereza walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita. Waingereza walibeba Lee-Enfield, bunduki ya risasi za .303. Upande wa Wajerumani, vikosi vingi vilianza vita vikiwa bado na Mauser ya mwaka wa 1871, iliyotoa moshi mwingi kila ilipofyatuliwa. Mwenye kupata mojawapo ya hizo amepata kipande cha historia.

Hata hivyo, sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuweka bunduki bila cheti, na kutu si cheti. Isitoshe, risasi yaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na baruti ya zamani haiaminiki. Kwa hivyo mjomba asiiguse tena. Asivute komeo, asiigonge kwa nyundo, wala asiitie motoni. Aiache pale ilipo, awazuie watoto, kisha awapashe habari chifu au polisi waje wenyewe. Asiifunge kwenye gunia na kupanda nayo matatu! Akifika afisa, anaweza kumwomba awasiliane na Makumbusho ya Kitaifa, ili historia hiyo isipotee.

Sasa swali la kwanza. Nchini Marekani, sheria ya taifa huzihesabu bunduki zilizotengenezwa mwaka wa 1898 au kabla yake kuwa vitu vya kale, na wako watu wengi wanaozikarabati nyumbani. Yafaa tujue wanavyofanya, kwa sababu ujuzi huo huo utaokoa pasi ya makaa ya nyanya yako, panga la babu au vyuma vya cherehani.

Kutu huzaliwa pale chuma, hewa na maji vinapokutana. Chumvi huongeza kasi, ndiyo maana mabati ya Mombasa huoza upesi kuliko ya Nakuru. Kutu nyekundu haishiki vizuri. Hubanduka na kukiacha chuma kipya wazi, nacho huliwa pia. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Bunduki za zamani zilikuwa na adui wa ziada. Fataki ya kuwashia baruti ilikuwa na dawa iliyoacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huiyeyusha. Ndiyo sababu askari wa Kiingereza walifundishwa kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu, kuukausha, kisha kuupaka mafuta. Aliyepaka mafuta tu aliikuta kutu ikimngoja.

Fundi mwenye subira huanza kwa kuloweka skrubu zilizoganda katika mafuta mepesi kwa siku kadhaa, badala ya kuzilazimisha kwa bisibisi hadi zivunjike. Hakimbilii msasa wala mashine ya kusaga, kwani hivyo hufuta namba na mihuri ya kiwanda, ambayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kifaa chenyewe.

Kisha huchemsha. Chuma kikichemshwa kwa nusu saa katika maji safi, kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi. Nyeusi hiyo hushikamana na chuma na kukilinda. Vumbi lake la juu husuguliwa kwa waya laini wa kusugulia sufuria, na kazi hurudiwa mara kadhaa. Ukitaka kujaribu kwa pasi ya makaa, toa mpini wa mbao kwanza. Kwa cherehani, chemsha vipande vya chuma kitupu pekee. Vyenye rangi na maua usivitie majini.

Kutu nene huondolewa kwa umeme mdogo. Katika beseni la plastiki, tia soda ya kufulia, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita 4 za maji. Kifaa huunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya gari ya volti 12, na kipande cha chuma kikuukuu upande chanya, visigusane. Kazi hii ni ya mtu mzima, tena ifanyiwe nje, mbali na moto, kwa maana hutoa gesi inayowaka. Chaja izimwe kabla ya mkono kuingia majini. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande chanya, kwa sababu hutoa sumu.

Asiye na chaja atumie siki. Loweka panga usiku kucha, lisugue, lioshe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kisha likaushe mara moja. Usilisahau humo, kwani siki ikimaliza kutu hula chuma chenyewe. Panga la jikoni lipakwe mafuta ya kupikia, si oili ya gari.

Mwisho, fahamu kwamba kusafisha hakurudishi chuma kilichokwisha kuliwa. Mashimo hubaki, na unene uliopotea umepotea. Ndiyo maana bunduki nyingi wanazokarabati Wamarekani huishia ukutani. Mtutu uliochimbika unaweza kupasuka na kumjeruhi anayefyatua, hata ukiwa unang'aa kama kioo.

Kwa hivyo, mwanafunzi wangu, mpigie mjomba simu leo, usingoje likizo. Mwambie bunduki aiachie serikali. Kama hamu yake ni ya kukarabati, bila shaka pale bomani hakukosi jembe au pasi ya zamani inayomngojea.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.