Elimu ya malale irudishwe nyumbani Tororo

MNAMO Agosti 8, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Sisi wa Busia na Tororo tulifurahi. Hata hivyo, furaha hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe tunauvuka kila siku tukiswaga ng'ombe.

Tukumbuke Soroti. Malale ilizuka huko mwishoni mwa 1998, mahali ambapo haikuwa imezoeleka. Wataalamu walipochunguza, waligundua kuwa viini vililetwa na ng'ombe waliotoka maeneo yenye ugonjwa na kuuzwa mnadani. Ng'ombe wa aina hiyo huenda asionyeshe dalili yoyote. Mnunuzi humwona mnono, kumbe amenunua maradhi.

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia. Nilisomea upande wa Kenya baada ya wazazi wangu kukimbia vita vya Teso, na huko nilikariri mchoro wa seli kama wimbo. Niliporejea nyumbani niliwakuta wanafunzi wakikariri vivyo hivyo, ilhali mfano bora umo katika damu ya ng'ombe wa jirani.

Mfanyabiashara wa Busia ataelewa somo hili upesi. Karatasi isiyo na muhuri haina kazi. Hata ikigongwa muhuri, sharti ifike katika ofisi inayohusika. Seli nayo hugonga mihuri. Muhuri wake ni fosfeti, ambayo kimeng'enya kiitwacho kinesi huipachika kwenye protini. Kimeng'enya kingine, fosfatesi, huibandua. Kule kupachika ndiko huitwa fosforilesheni.

Kimelea cha malale kina vyumba vidogo ambavyo binadamu hana, viitwavyo glikosomu. Vilitambuliwa mwaka 1977 na watafiti Opperdoes na Borst, na humo ndimo kimelea huanza kuvunja sukari. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza jambo la ajabu zaidi. Kimelea kikiwa katika damu kikisubiri kunyonywa na mbung'o, fosfatesi moja hufuta muhuri wa protini iitwayo PIP39. Mbung'o akishanyonya, ubaridi pamoja na kemikali kama sitreti huizima fosfatesi hiyo. Muhuri unabaki, PIP39 inafanya kazi katika glikosomu, na kimelea kinageuka umbo ili kiishi ndani ya mdudu.

Kwa maneno mengine, kimelea hiki kina kituo chake cha mpakani. Anayejua muhuri unagongwa wapi anaweza siku moja kutafuta njia ya kukizuia kisivuke.

Swali ni je, kwa nini habari hii itoke Edinburgh pekee? Tororo palikuwa na shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki, lililojulikana kama EATRO. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ushirikiano huo nao ukavunjika. Kinaya ni kwamba vimelea vinavyofugwa hadi leo katika maabara za Ulaya bado hubeba jina hilo. Mfano ni EATRO 1125, kilichotolewa kwa pongo nchini Uganda mwaka 1966. Kimelea kina jina letu, lakini mtoto wa Tororo hajawahi kulisikia darasani.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi anahitaji zahanati na josho la ng'ombe, si maabara ya protini. Nawaelewa, lakini mambo haya hayatengani. Kimelea kinachomuua binadamu na kile kinachodhuru mifugo tu hufanana kabisa chini ya hadubini. Hutofautishwa kwa kupima jeni iitwayo SRA, na kipimo hicho chahitaji maabara na vijana waliofunzwa. Bila hivyo, hakuna atakayejua ni ng'ombe yupi mnadani anayebeba hatari kwa watu.

Aidha, tusijidanganye kuwa Kenya iko salama peke yake. Aina hii ya malale bado haijamalizwa Uganda. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, huhudumia wapitao barabarani. Ng'ombe wengi hupitia njia za panya.

Serikali za Kenya na Uganda hazina budi kufufua utafiti wa pamoja hapa mpakani na kuwaajiri vijana wetu. Walimu wenzangu, tufundishe seli kwa kutumia mbung'o na ng'ombe wanaojulikana na watoto. Nanyi wafanyabiashara wa mifugo, hakikisheni ng'ombe ametibiwa kabla ya kumsafirisha, hata kama bei itapanda kidogo.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Soroti walijenga ukuta. Sisi bado tuna nafasi ya kuziba ufa.