Njia ya Miguu Si Anasa

Mhariri, mwandishi wenu anadai kwamba njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli mjini Kitale ni anasa ya Wazungu, na kwamba heri fedha hizo zipanue steji ya matatu. Anasa ya Wazungu? Boda boda yenyewe ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, ikiwa baiskeli yenye kiti nyuma.

Steji pana inamfaa nini asiyeweza kuifikia? Mkazi wa Matisi, Tuwan au Kipsongo huanza safari yake kwa miguu. Mvua ikinyesha, achague tope, mtaro, au ukingo wa lami anaogombania na malori ya mahindi. Akishindwa, anapanda pikipiki, na nauli ya mwendo huo mfupi inakula faida ya mama mboga kabla hajauza hata fungu moja la sukuma wiki. Gharama hiyo mwandishi hakuihesabu.

Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa na njia za miguu na baiskeli kando yake. Nairobi nayo, katika sera ya 2015, iliwaahidi watembeao na waendesha baiskeli asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi. (Kuahidi ni rahisi, najua.)

Kwamba wachuuzi wataijaza njia, hapo mwandishi kasema kweli. Basi watengewe nafasi kwenye ramani tangu mwanzo, si kuja kufukuzwa na askari wa kaunti. Na wenye magari watakaoegesha juu yake? Hao hakuwagusa kabisa.