Saketi Jumuishi Isifundishwe kwa Kukaririsha

Aghalabu mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huandika ubaoni: "Saketi jumuishi ni saketi ndogo iliyotengenezwa juu ya kipande cha silikoni." Watoto hunakili na kukariri. Lakini ukiwauliza ndani ya kipande hicho mna nini, hunyamaza. Kwa maoni yangu, somo la namna hiyo humfundisha mtoto kustaajabu tu, wala halimfundishi kuelewa.

Yafaa tuanze na tatizo, ndipo tufikie ufumbuzi. Katika miaka ya 1950, transista, rezista na kapasita zilitengenezwa mbalimbali, kisha zikaunganishwa kwa kulehemu. Kadiri chombo kilivyopewa kazi nyingi ndivyo viungo vyake vilivyoongezeka, na kiungo kimoja kikilegea chombo kizima kiliweza kukwama. Mwaka 1958 Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alionyesha kwamba sehemu hizo zaweza kufanyizwa pamoja katika kipande kimoja. Mwaka 1959 Robert Noyce wa Fairchild alibuni njia ya kuziunganisha kwa mistari myembamba ya metali juu ya silikoni, elementi ipatikanayo hata katika mchanga. Kipande cha Intel 4004 cha mwaka 1971 kilikuwa na transista 2,300 hivi. Vya simu za leo vina mabilioni.

Wako watakaosema kwamba hatuna vifaa. Redio mbovu ya betri, iliyokwisha kutolewa betri zake, yatosha. Watoto wakitafute kile kipande cheusi na kuhesabu miguu yake. Kisha wasimamishe watoto watatu mbele ya darasa. Wa tatu ainue mkono endapo tu wawili wa kwanza wameinua yao. Halafu badili kanuni: ainue hata akiona mmoja tu ameinua. Hivyo ndivyo transista chache zifanyavyo kazi: hufungua na kufunga njia ya umeme kwa kufuata kanuni. Hesabu zote za kompyuta hutokana na maamuzi madogo kama hayo, yakirudiwa mara nyingi mno kwa kasi kubwa.

Mtoto aliyepitia somo hilo hataiona simu kuwa ni muujiza. Atauliza hufanyaje kazi. Na tusipomzoeza kuuliza, atabaki mbonyezaji wa vitufe maisha yake yote.