Tusihusudu mbio, tutamani breki
Pikipiki ya Kiitalia, Ducati Panigale V4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2018, ina injini ya sentimita za ujazo 1,103 na nguvu za farasi zaidi ya 200. Kijana wa bodaboda pale Kondele, Kisumu, mwenye chombo cha 100 au 150, aisikiapo humtoka udenda. Lakini je, katika njia ya Kisumu kwenda Busia, yenye ng'ombe, matatu na watoto wa shule, farasi 200 watakimbilia wapi? La kutamani ni breki zake, zenye mtambo uzuiao gurudumu lisikwame chombo kikateleza, hata penye kona. Wauza pikipiki na watunga sheria watuletee hizo kwanza. Roho ya abiria ni amana.