Zuia Mbu, Zuia Mwizi: Wito kwa Wakazi wa Bonde la Kilombero

Ndugu zangu wa Ifakara. Wa Kidatu, Mang'ula na Kiberege. Wa Mbingu, Mngeta na Mlimba. Nanyi wa ng'ambo ya mto, Ulanga na Malinyi:

Mpunga ukishavunwa, bonde letu linakuwa na hela, na hela siku hizi inakaa kwenye simu. Mama aliyeinama shambani tangu mvua za kwanza anauza magunia yake, mnunuzi anamlipa kwa simu, na kabla hajafika nyumbani ujumbe unaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa, na kweli alikuwa ameahidi kulipa. Anatuma. Jioni mdai halisi anapiga kuuliza hela yake iko wapi.

Watu humcheka mama huyo. Wasimcheke. Mtego huu haumtafuti mjinga. Unamtafuta mwenye deni. Anayerusha ujumbe uleule kwa watu elfu moja hana haja ya kumjua yeyote kati yao. Katika elfu hao hakosekani mwenye mtoto bweni, mwenye mgonjwa wodini, mwenye kodi iliyopitiliza. Kila shida ya kawaida ya maisha yetu imeshatungiwa ujumbe wake: mwenye nyumba aliyebadilisha namba, mwanafunzi aliyeanguka shuleni akahitaji matibabu ya haraka, mganga wa utajiri, zawadi ya bahati nasibu ambayo hukuicheza.

Lililo gumu kusema ni hili linalofuata. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutoa taarifa za robo mwaka zinazohesabu majaribio ya ulaghai wa simu mkoa kwa mkoa. Rukwa na Morogoro zimekuwa zikishika nafasi za juu, na ndani ya Morogoro jina la Kilombero limetajwa. Kwa hiyo sisi si walioibiwa tu. Sisi pia ni kiota. Kikulacho ki nguoni mwako: baadhi ya ujumbe unaomliza mama wa Njombe au mzee wa Tabora unaandikwa chini ya miembe yetu, na vijana tuliowabatiza, tuliowapeleka madrasa, tuliowafundisha kusoma. Tunapomwona kijana anatesa kwa hela ambazo hakuna ajuaye zinakotoka, tunamwita "bosi" na kumwomba mchango wa harusi.

Basi nawaita tufanye jambo moja pamoja, na kabla ya kulitaja nawakumbusha lile tulilowahi kufanya.

Mwaka 1997 bonde hili, Kilombero na Ulanga, lilianza kushindana na mwizi mdogo kuliko wote. Mradi wa vyandarua ulioendeshwa kutoka kituo cha utafiti cha Ifakara ulileta chandarua na dawa ya kuchovya kwa jina ambalo wenye umri wangu hawajalisahau: Zuia Mbu. Havikugawiwa kwa amri. Viliuzwa kwenye maduka ya vijijini, vikaelezwa mikutanoni na kwenye zahanati, na wajawazito na mama wenye watoto wadogo wakapewa hati punguzo. Watafiti walipopima matokeo, waliona kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza nafasi ya mtoto wa chini ya miaka mitano kubaki hai kwa asilimia 27. Miaka michache baadaye hati punguzo ikawa mpango wa nchi nzima. Tulichojifunza hapa, Tanzania nzima ilikifuata.

Mbu hakukamatwa na polisi. Alikuta nyumba imeshajikinga. Mwizi wa simu naye hatakwisha kwa misako peke yake, kwa sababu kila anayekamatwa anaacha nyuma yake laini kadhaa zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasiojua. Anahitaji kukuta nyumba imejikinga. Na kinga hiyo ni elimu inayorudiwa, kwa lugha yetu, mahali tunapokusanyika.

Hapo ndipo roboti inapoingia. Najua neno hilo linawachekesha wengine, hivyo niseme kwanza wenzetu wanafanya nini nayo.

Kinshasa, mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha barabarani roboti za aluminiamu zenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, zinazotumia umeme wa jua. Zinanyanyua mikono, zinawasha taa nyekundu na kijani, na zinamwambia mwenda kwa miguu lini avuke. Zimetengenezwa na Wakongo, na baadaye Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili kama sisi, nao ukapata za kwake. Dereva aliyezoea kuombwa chochote dirishani alikutana na askari asiyeomba kitu. Kigali, wakati wa korona mwaka 2020, polisi walirusha droni zenye vipaza sauti kuwakumbusha wananchi masharti ya kujikinga. Marekani, polisi wa miji mingi wana kigari kidogo kinachotembea na kuongea, chenye macho na mdomo, wanachokipeleka shuleni. Askari husimama pembeni na rimoti na maikrofoni, na watoto hudhani wanaongea na gari. Mtoto anayeogopa sare hulisogelea gari.

Upande wa pili wa shilingi nao tuuone. Mwaka 2016, mjini Dallas, polisi waliweka baruti kwenye roboti yao ya kutegulia mabomu na kumuua nayo mtu aliyekuwa ameua askari watano. Mwaka 2022 baraza la San Francisco lilipiga kura kuruhusu roboti za polisi kuua, wananchi wakapinga, na baada ya siku chache uamuzi ukarudishwa nyuma. New York waliweka roboti ya doria kwenye kituo cha treni cha Times Square Septemba 2023. Februari iliyofuata ilikuwa imeshaondolewa. Mashine moja, kazi mbalimbali. Anayechagua kazi yake ni yule aliyewahi kufika kwenye kikao.

Ninachokipendekeza ni kwamba tusisubiri kuletewa. Tuanze na roboti inayofundisha, na tuitengeneze wenyewe.

Kwa nini roboti, na si gari la matangazo? Gari la matangazo hupita likipiga kelele, nasi tunaendelea kupembua mchele. Roboti husimama, hugeuza kichwa, huuliza swali na kusubiri jibu. Watoto watalikimbilia swali hilo. Na katika nyumba nyingi za bonde hili mtoto ndiye msomaji wa ujumbe: bibi anamkabidhi simu, "Hebu nisomee wamesema nini." Mtoto wa darasa la tano aliyecheza na roboti mchezo wa kutambua ujumbe wa kitapeli ni mlinzi wa akiba ya bibi yake. Mtoto huyohuyo anaweza kufundishwa kuwa akiguswa vibaya, hata na mtu wa nyumbani, kuna namba 116 ya kupiga bure. Wapo watoto watakaoiambia mashine lile ambalo hawajathubutu kulisema kwa mtu, na pembeni ya mashine awepo mwalimu au askari anayejua la kufanya.

Kuitengeneza kunawezekana. Fundi wa kuchomelea wa Kibaoni anajua kuunda mwili. Mota ya waipa ya gari bovu inazungusha mkono. Fundi redio ana spika, fundi simu anajua kuprogramu kuliko tunavyomdhania, na paneli ya sola tunayo juu ya paa. Sauti tuzirekodi wenyewe, kwa Kiswahili, Kindamba na Kipogoro, ili mzee wa Mofu asikie lugha yake. Tusijidharau. Mkoa huu ndio uliomfundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wa panya hao, Magawa, aliyezaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Aliyemwona panya kama msaidizi alichekwa pia.

Sasa nataja wajibu wa kila mmoja.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji, jambo hili liwe ajenda ya mkutano mkuu ujao. Hatuanzi na michango ya fedha. Swali la kwanza ni: katika mtaa wetu nani ana ujuzi gani, na nani yuko tayari kutoa Jumamosi zake?

Walimu wakuu, anzisheni klabu, hata ya wanafunzi kumi. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ifakara kina mafundi, tuwaombe karakana. Roboti ya kwanza ikikamilika izunguke shule kwa shule, kisha siku za gulio na mnada.

Mawakala wa miamala, ninyi ndio mlango wa mwisho kabla hela haijaondoka. Mteja akija anatetemeka, ana haraka, na namba imeandikwa kwenye kiganja, mwulizeni: "Umempigia huyo mtu ukasikia sauti yake?" Swali hilo moja huokoa gunia.

Jeshi la Polisi, askari wa kata asimame na roboti kila inapokwenda. Mashine haipokei malalamiko wala haifungui jalada. Ikimvuta mwananchi hadi kituoni na kituoni asisikilizwe, tutakuwa tumetengeneza mwanasesere.

Na ninyi vijana mnaojua kazi hii ya "tuma kwa namba hii", nawaambia bila kuwaficha: mnajua saikolojia ya mtu mwenye deni kuliko mhadhiri yeyote, mnajua laini zinavyochezewa, mnajua maneno gani yanamfanya mtu asifikiri. Mchawi mpe mwana alee. Aliyekwisha kuadhibiwa na sheria, au aliyeacha, aje atutungie masomo ya roboti. Anayeendelea, ajue kwamba safari hii anaowatafuta watakuwa wamefundishwa. Sisi wengine tusimpige mtu, tusichome nyumba, wala tusimshuku kila kijana aliyenunua pikipiki. Tukiwa na taarifa tuipeleke panapohusika.

Nina masharti matatu, na nataka tuyapitishe kabla skrubu ya kwanza haijakazwa. Roboti yetu isibebe silaha, leo wala baadaye. Isiwe na kamera inayohifadhi sura za watu. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inawalinda hata watoto wa Lipangalala. Na anayeiendesha ajulikane kwa jina na kwa nyumba anayoishi, ili tujue wa kumuuliza.

Wapo watakaosema shule hazina madawati, roboti ya nini. Ni swali la haki. Tusichukue shilingi ya dawati. Tutumie vyuma chakavu, Jumamosi zetu na akili zilizokaa vijiweni. Lakini tuhesabu pia: hela zinazotoka bondeni kila msimu kwa ujumbe wa maneno sita zingenunua madawati mangapi?

Wakati tunasubiri roboti, kila mmoja afanye mawili leo. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ifutwe. Na ujumbe wa kitapeli usiufute kwa hasira. Uhamishe kwenda 15040, ambako TCRA huupokea bure, kisha utaje namba iliyoutuma.

Nimefikiria sana maneno ya kwanza ya roboti yetu siku itakapowashwa mbele ya watoto. Mimi ningependa iseme hivi: "Habari zenu. Mimi ni mashine. Mtu akikuomba namba ya siri, usimpe. Mashine ikikuomba, usiipe. Hata mimi nikikuomba, usinipe. Kimbia kamwambie bibi, na ile meseji mwambie aitume kwa namba hii: 15040."