Kila Njia Ina Ushuru Wake

Yako maneno ambayo wanasiasa hupenda kuyanena kwa kuwa ni matamu masikioni: kwamba watu watapata yote, wala hawatatoa kitu. Sisi twasema maneno hayo ni uongo, asemaye na awe mtu wa Ulaya au wa kwetu. Twataka kuonyesha hayo kwa habari za Uingereza, nchi yenye vyuo na mabenki na mabingwa wa hesabu, ambayo hata hivyo ilinaswa kwa maneno hayo hayo.

Waingereza waliingia katika ushirika wa biashara wa Ulaya mwaka 1973. Tarehe 23 Juni 2016 walipiga kura kuamua kama watakaa au watatoka, na katika kila wapiga kura 100, karibu 52 walitaka kutoka. Kura ile ilikuwa halali, wala hatuwadharau walioipiga. Wengi wao waliona sheria zikitungwa Brussels, mbali nao, na viwanda vya miji yao vikifungwa, wasipate wa kuwasikiliza. Kutaka kujitawala si dhambi. Sisi Waafrika twawezaje kulilaumu jambo hilo? Lawama yetu ni juu ya viongozi, waliowauliza watu kama watatoka, wasiwaambie watakwenda wapi.

Kwani njia zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na ushuru wake. Ya kwanza ni njia ya Norwe. Nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko lake; nayo hulipa fedha, hufuata sheria za soko, huwapokea wafanyakazi wa Ulaya, wala haina kura sheria hizo zitungwapo. Ya pili ni njia ya Uturuki, yenye umoja wa forodha na Ulaya tangu mwisho wa mwaka 1995. Bidhaa zake za viwandani hupita bila ushuru, lakini bidhaa kama hizo zitokazo nchi nyingine yapasa izitoze kwa kipimo kilichowekwa na Ulaya. Ya tatu ni njia ya Kanada, yaani mapatano ya biashara, ambayo yalianza kuzungumzwa mwaka 2009 yakatiwa sahihi mwaka 2016. Njia hii humwacha mtu huru zaidi, lakini humletea hati nyingi na ukaguzi mpakani. Ya nne ni kukaa bila mapatano, kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani tu, na kulipa ushuru kama mgeni ye yote.

Mwenye akili aweza kuichagua yo yote katika hizo, na kutoa sababu zake. Lakini hawezi kuzipita zote kwa siku moja, wala kuipita mojawapo bure. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, aketiye kwanza akahesabu gharama. Je, hao walihesabu? Walitembeza basi jekundu nchini, limeandikwa kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila juma. Hawakutoa katika hesabu hiyo punguzo ambalo nchi yao ilikuwa imepewa, fedha ambazo hazikupelekwa kamwe. Na mamlaka ya takwimu ya nchi yao wenyewe ikasema hadharani kwamba hesabu hiyo yapotosha. Sisi walimu, mtoto akisahau kutoa, twamtia alama ya kosa. Mtu mzima aliyekwisha kuonywa, naye akazidi kuitembeza hesabu yake, tumwiteje?

Mwaka 2017 waziri wa biashara, Liam Fox, alisema kwamba mapatano na Ulaya yangepasa kuwa miongoni mwa yaliyo rahisi kabisa katika historia ya wanadamu. Yalipatikana tarehe 24 Desemba 2020, siku saba tu kabla ya muda kwisha, na waziri mkuu Theresa May alikuwa amekwisha kujiuzulu kwa sababu ya shauri hilo la kutoka.

Basi walipata nini? Walipata njia iliyo karibu na ile ya Kanada. Bidhaa zilizotengenezwa kwao hazitozwi ushuru. Lakini apelekaye jibini Ufaransa alitakiwa kujaza hati za forodha na kupata cheti cha daktari wa mifugo. Kampuni kubwa huajiri makarani wa kazi hiyo. Mchuuzi mdogo huiacha biashara. Tena, kwa kuwa mpaka wa nchi kavu katika Ireland uliachwa wazi kwa ajili ya amani iliyopatikana mwaka 1998, ukaguzi ulihamia baharini, kati ya sehemu mbili za ufalme mmoja.

Watetezi wao hujibu kwamba sasa Uingereza yaweza kupatana na dunia yote. Ni kweli. Mapatano na Australia na New Zealand yalianza kutumika mwaka 2023, na yale ya India yalitiwa sahihi mwaka 2025. Lakini na watuambie kiasi. Serikali yao yenyewe ilikadiria kwamba mapatano na Australia yangeongeza pato la nchi kwa chini ya sehemu moja katika elfu. Ofisi yao ya kukadiria bajeti, nayo, ilikadiria kwamba kutoka Ulaya kutapunguza uzalishaji, baada ya miaka mingi, kwa sehemu nne katika mia. Sababu yake si siri: kura haisogezi bahari. Ufaransa i ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari. Australia i upande wa pili wa dunia.

Wala tusidhani kwamba sisi tu werevu zaidi. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Mabwana waligombea ndege na reli; mwanamke wa mpakani aliyezoea kuuza ndizi upande wa pili, nani alimhesabu?

Kwa hiyo, ndugu, mtu akija kwenu kuwashauri mtoke katika ushirika wo wote, hata ule wa mazao wa kijijini, msimfukuze. Huenda ana haki. Mkalisheni, kisha mmwulize mambo matatu: Tukitoka, twaenda wapi? Ushuru wa njia hiyo ni nini? Naye atakayeulipa ni nani? Akiyajibu, shaurianeni naye. Akisema kwamba hapana ushuru, mwacheni aende zake, kwani wazee wetu walikwisha kunena kwamba njia ya mwongo ni fupi.